Kuku Asiyefungwa Miguu

Zongwe, 3 Machi 1986

Mwanangu Nicolas,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Sijui kama kile kikohozi cha Noeli kimekuachilia. Kama bado, chemsha majani ya mpera unywe, wala usiniambie kwamba mtu aliyesoma hanywi majani. Sisi huku tunapumua. Mguu wangu wa kushoto unagoma asubuhi, jua likipanda unakumbuka kazi yake. Dada yako Adolphine ni mzima, na watoto wake pia.

Nina habari nzito kidogo, lakini nimekwisha kuitengeneza. Wiki mbili zilizopita askari mmoja wa posti yetu ya jeshi alimkuta shemeji yako Gaspard pwani, akamwamuru ampeleke Moba pamoja na magunia manne ya mahindi na mbuzi wawili wa watu. Gaspard akamwambia mtumbwi hautaweza, na mawingu yamekaa vibaya juu ya milima ya Marungu. Askari akamwonyesha bunduki. Basi wakaenda. Hawakufika mbali, wimbi la kwanza likaingia, la pili likageuza yote. Gaspard aliogelea. Askari alikuwa na viatu vyake na risasi kiunoni, akaenda chini. Siku ya tatu Gaspard mwenyewe ndiye aliyemtoa majini.

Mtu amefia katika mtumbwi wetu, nasi tuna adabu. Marehemu alikuwa mtu wa mbali, hana ndugu huku, baba yake hapa ni komanda wa posti. Kwa hiyo juzi nilichukua kuku mweupe, nikamkumbatia kifuani, miguu wazi bila kamba kama inavyotakiwa, Adolphine nyuma yangu na kikapu cha unga. Komanda alitupokea kwa mikono miwili. Akasema, "Papa, muko watu ya heshima." Akaandika karatasi, akaniomba nitie sahihi, nikatia. Kuku alipikwa tukiwa bado tumekaa. Kesi imekwisha.

Nakuandikia tu ili usiyasikie sokoni. Najua utacheka. Siku ile uliporudi kutoka Lubumbashi na diploma yako, uliita baraza letu "mahakama ya kuku" mbele ya wageni. Sijasahau, ila nimesamehe. Miaka ishirini na moja nilikaa na chifu kuamua kesi, na sikumbuki mtu aliyetoka pale akaenda kumvizia mwenzake njiani. Ninyi mawakili wa kanzu nyeusi, hesabuni wenu.

Barua hii analeta Salomon, yule mwenye mtumbwi wa moteri. Mpe kiti. Mara iliyopita nilimuuliza ulivyompokea, akasema ulikuwa na kazi nyingi. Salomon ni mtu wa kufunika aibu za wengine.

Papa yako,
Casimir

*

Kalemie, 10 Machi 1986

Papa mpenzi,

Salamu nyingi. Kikohozi kimepona. Pole kwa mguu.

Papa, umefanya nini? Sicheki. Nimesoma barua yako mara tatu nikiwa nimesimama. Kwa sheria wanayoitumia hao, mtu anayeleta fidia amekiri kosa. Umemletea komanda aliyepoteza askari, bunduki, mahindi na mbuzi, umemletea mtu wa kumlaumu, na juu yake umetia sahihi. Karatasi ile ilisema nini? Uliisoma?

Sikiliza, nakuomba. Gaspard asilale nyumbani. Aende milimani, Pepa, kwa ndugu zake wafugaji, aseme amekwenda kununua ngozi. Wewe usiongee tena na mtu yeyote wa posti. Tangu vita vya Moba, kila mwenye mtumbwi ziwani anaitwa rafiki wa waasi, na mambo ya hivyo hayapiti kwa majaji wa kawaida, yanapelekwa kwa mahakama ya kijeshi. Niandikie neno kwa neno ulichosema ukimkabidhi yule kuku. Na ni nani aliyeona bunduki pwani?

Salomon nilimpa maji. Kiti hakukitaka, wala mimi sikumlazimisha. Unajua kwa nini siwezi kumtazama yule mtu. Mtumbwi wake ulimchukua Mama akiwa hai ukamrudisha amekufa. Wewe unakula naye. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na bado nina miaka kumi na mmoja kila ninapomwona.

Mtoto wako,
Nicolas

*

Zongwe, 16 Machi 1986

Mwanangu,

Amani ya Bwana iwe nawe. Sisi hatuna amani. Barua yako imefika jana. Gaspard walimchukua Alhamisi tarehe sita. Walimfunga viwiko nyuma, wakamtupa katika boti ya jeshi mbele ya Adolphine. Nilikwenda kwa komanda nikamwambia, ulikula kuku wangu. Akanijibu, "Njo vile, Papa. Nilikula. Na wewe ulisaini." Wakacheka wote.

Unauliza nilisema nini. Nilisema yale tuliyosema siku zote: "Mutoto wako amekufa mu mutumbwi ya kwetu. Tumekuja kulia pamoja na wewe." Hakuna neno la kosa pale. Hata mtoto wa Zongwe anajua. Mwenye kosa huleta mnyama aliyefungwa miguu, kwa sababu yeye mwenyewe amefungwa na kosa lake. Asiye na kosa, lakini kifo kimepita mlangoni kwake, huleta kuku mweupe aliye wazi. Nilifikiri anajua. Alikaa kwetu miaka miwili, alikula samaki wetu, nikafikiri amekula na desturi zetu.

Karatasi sikuisoma. Kwa chifu, mwenyeji akiandika mbele yako huombi kuisoma, maana ni kumwambia kwamba ni mwongo. Niliweka sahihi yangu nzuri, ile niliyofundishwa na mapadri, na mkia wake. Sasa mkono huu ningeukata.

Walioona bunduki pwani walikuwa kumi na zaidi. Leo hakuna aliyeona.

Papa yako,
Casimir

*

Kalemie, 25 Machi 1986

Papa mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta na nguvu. Usiukate mkono wowote, tutauhitaji.

Nimemwona Gaspard gerezani. Amekonda, sikio la kulia halisikii tena. Aliniuliza kama Adolphine alipata kuvuna mihogo. Nina sheria za nchi hii mezani kwangu, zimeandikwa vizuri kabisa: mtu hateswi, mtu anahesabiwa hana kosa mpaka ahukumiwe, mtu ana haki ya kutetewa. Nilimsomea, nikidhani nampa moyo. Akageuka akanionyesha mgongo. Nilifunga kitabu. Papa, kuna siku nafikiri kazi yangu ni kuwasomea watu wenye njaa majina ya vyakula. Halafu nafikiri, kama hata mimi nikiacha kuyasoma, nani atakumbuka kwamba vyakula vipo?

Nimeona faili. Ina kurasa tatu. Mbili ni maneno ya komanda: Gaspard alimzamisha askari makusudi, kwa faida ya waasi. Wa tatu ni wako: "Mimi Casimir nimekuja kulipa fidia ya mauaji yaliyofanywa na mkwe wangu." Na ile sahihi yenye mkia. Mshitaki wa jeshi aliigonga kwa kidole, akaniambia kwa heshima ya mawakili, "Maître, unatafuta nini tena? Muzee yako mwenyewe amekubali." Adhabu wanayoiomba ni kifo. Siku ya kesi ni tarehe 28 Aprili.

Lazima uje. Uje useme mbele ya majaji yale uliyoniandikia, kuku wazi na kuku aliyefungwa. Na ulete zile kaye zako, madaftari uliyoandikia kesi za baraza, zote. Nahitaji kuwaonyesha kwamba desturi hii haikutungwa wiki iliyopita. Ndiyo, Papa, naomba kaye za mahakama ya kuku. Cheka ukitaka.

Mtoto wako,
Nicolas

*

Zongwe, 3 Aprili 1986

Mwanangu Nicolas,

Pasaka njema, ingawa huku tuliimba Aleluya kama watu wanaozika.

Sikucheka. Kaye nakutumia, tano, Salomon amezificha chini ya samaki wa ndagala, utazisikia harufu kabla hujazifungua. Lakini mimi siji.

Usinikasirikie kabla hujamaliza kusoma. Kilio kikifungwa kwa kuku hakifunguliwi tena. Anayesimama mbele ya watu na kukirudia anamwita marehemu arudi achukue mwingine. Mimi nimewaambia watu hivyo miaka ishirini na moja. Leo nikavunje kwa sababu ni mkwe wangu? Na komanda amekwisha kujua. Alipita hapa na fimbo yake akasema, "Papa, karatasi ya safari sitakupa. Ukienda bila karatasi, sijui maji itakupokea namna gani."

Unaona, nimekuandikia sababu mbili, na ya kweli ni ya tatu. Naogopa. Naogopa kusimama pale nikamwona Gaspard amefungwa kwa sahihi yangu. Adolphine hanisemeshi. Ananiwekea ugali mlangoni, anakwenda. Nimekula nyuma ya mlango wangu mwenyewe kwa majuma matatu kama mgonjwa wa ukoma.

Papa yako,
Casimir

*

Kalemie, 10 Aprili 1986

Papa mpenzi,

Salamu. Kaye zimefika na harufu yake, moja imelowa pembeni lakini inasomeka. Jumapili yote nimekaa nazo, sikwenda hata misa. Nimehesabu kuku weupe kumi na saba, wote miguu wazi, na kila mara umeandika: hakuna kosa. Sikujua unaandika vizuri hivi. Nisamehe lile neno nililolisema mbele ya wageni. Nilikuwa mjinga mwenye diploma.

Kisha nikafika kwenye huu ukurasa. Naunakili kama ulivyo:

"9 Juni 1968. Salomon wa Fizi ameleta kuku mweupe, miguu wazi. Philomène wangu alifia mtumbwini mwake akipelekwa hospitali ya Moba. Alikuwa ameharibika tumbo, hata huku angekufa. Salomon alipiga kasia mpaka mikono ikatoka damu. Hakuna kosa. Nimempa kiti. Mtoto wangu Nicolas amekataa kula."

Papa, kwa nini hukuniambia? Kama uliniambia, kwa nini sikusikia? Nakumbuka yule kuku. Nilifikiri ni malipo. Nilifikiri mtu ameua mama yangu na wewe umekubali kuku.

Sasa naona kwamba kwa miaka kumi na minane nimemsomea Salomon mashtaka kama vile mshitaki anavyomsomea Gaspard.

Lakini kaye peke yake haitoshi. Majaji watasema karatasi isiyo na mwenyewe haina mdomo. Papa, marehemu wanaweza kukasirika, sijui. Ninachojua ni kwamba tarehe 28, usipokuja, watamuua mtu aliye hai. Amua wewe. Sitakulaumu, na hilo ndilo jambo gumu zaidi nililowahi kukuandikia.

Mtoto wako,
Nicolas

*

Zongwe, 19 Aprili 1986

Nicolas,

Nilikuambia. Ulikuwa umeziba masikio kwa mikono miwili, nikasema atakua. Ukakua, nami nikanyamaza. Hilo ni kosa langu, na kuku wake ningemfunga miguu.

Nakuja. Salomon atanichukua Alhamisi. Nimemwambia hatari yake, akasema, "Papa Casimir, miye nilikuwa na deni ya kukufikisha salama tangu zamani." Nimetayarisha lile koti nililovaa kwenye ubatizo wako. Adolphine amelishona kifungo. Hajasema neno, lakini amelishona.

Papa yako,
Casimir

*

Kalemie, 30 Aprili 1986

Papa yangu,

Sijui barua hii itakukuta wapi, wala kama itakukuta. Nauliza hali yako kwa kweli, si kwa desturi: u hai? Wamekupiga? Salomon alifika Jumamosi peke yake, koti lako mkononi. Aliniambia mlikuwa mmekwisha kusukuma mtumbwi, maji magotini, askari wakakushika, nawe ukamtupia koti na kupiga kelele, "Wewe enda! Sema wewe!" Nilimketisha kwenye kiti changu mwenyewe.

Sasa nakueleza yote, maana una haki ya kuyajua.

Majaji walikuwa watatu, wa katikati ni meja mwenye miwani, mtu wa mbali. Gaspard aliletwa amefungwa kamba. Mshitaki alisoma karatasi yako kwa sauti ya padri. Nikaleta kaye. Akasema kama nilivyotabiri: mwandishi hayupo, ni karatasi za kufungia karanga. Nikasema mwandishi amezuiwa kuja na wale wale wanaomshitaki mkwe wake. Meja akaniambia nipunguze. Nikapunguza. Nikamwita Salomon.

Alisimama na kofia mkononi. Nikamuuliza kama aliwahi kupeleka kuku mweupe.

"Ndiyo, Maître. Mwaka ya sitini na munane."

Meja mwenyewe akaingia: "Ulikuwa umeua muntu?"

"Hapana, mon major. Mama alikuwa mugonjwa, nilikuwa namupeleka ku hopitali. Lakini alifia mu mutumbwi yangu. Ningeingia kwa bwana yake mikono mitupu namna gani?"

"Na bwana yake alikufanya nini?"

"Alinipa kiti."

Mshitaki aliruka. Akasema huyu anajisifu mwenyewe, mwuaji yeyote anaweza kusema alipewa kiti. "Wenye mufu wako wapi? Nani anajua kama walikubali?"

Papa, Salomon alikuwa na jibu. Lilikuwa limesimama mbele yake na kanzu nyeusi. Angenyoosha kidole tu. Hakunyoosha. Alitazama chini, akazungusha kofia, akanyamaza kwa ajili yangu, na kwa kunyamaza huko Gaspard alikuwa anakufa.

Nikasema, "Mwenye mufu njo mimi. Yule mama alikuwa mama yangu."

Mshitaki akatabasamu, nikajua anakuja na nini. Akasema, "Basi Maître, utuambie, wewe mwenye kusoma. Huyu muntu hana kosa mu kifo ya mama yako? Ulikubali kuku yake?"

Ningesema ndiyo haraka na kukaa. Lakini uwongo ule wangeuona, Papa, usoni kwangu. Kwa hiyo nikasema kweli. Nikasema kwamba nilikataa kula. Nikasema miaka kumi na minane nimepokea barua za baba yangu kutoka mkononi mwake na sikumpa kiti, kwa sababu niliona kuku nikafikiri ni kukiri. "Nilikosea. Nilisoma kuku vibaya, na nimezaliwa Zongwe. Komanda alikuja huko mutu muzima. Yeye angeshindwaje kukosea? Huyu Salomon hana kosa. Hakuwa nalo hata siku moja. Na kama sahihi ya baba yangu inamuua Gaspard, basi mukamate na huyu, na wale wote kumi na saba wa mu kaye."

Sauti yangu ilikatika pale mwishoni. Mawakili hawafundishwi hilo.

Walitoka, wakakaa saa mbili. Waliporudi, meja alisema kwamba kuku si kukiri, na faili haina kitu kingine. Mauaji yamefutwa. Waasi wamefutwa. Lakini jeshi haliwezi kurudi nyumbani mikono mitupu nalo: wamempa miezi sita kwa kuzidisha mizigo mtumbwini, mizigo ambayo bunduki ilizidisha. Karibu miwili amekwisha kuimaliza. Nitaikatia rufaa, ingawa Gaspard anasema niache, asije mtu akaikumbuka tena. Ataishi, Papa. Mwambie Adolphine kabla hujamaliza kusoma.

Hii si haki. Ni kipande chake. Miaka mitano iliyopita ningekasirika na kukitupa.

Salomon anarudi kesho. Anabeba barua hii na kapu. Ndani ya kapu kuna kuku niliyemnunua soko la Kalemie. Nimemfunga miguu mwenyewe, mafundo mawili, na kamba nimeivuta vizuri. Salomon nimemwambia ni wako. Ni wake. Sikuweza kumkabidhi mkononi, aibu ilinizidi. Umpe wewe, mbele ya watu, uketi na kaye kama zamani.

Mtoto wako,
Nicolas

*

Zongwe, 18 Mei 1986

Mwanangu Nicolas,

Nakusalimu, na ni mimi mwenyewe ninayeandika, unaona mkia wa sahihi bado upo. Walinikalisha siku kumi na moja katika ghala ya mahindi. Mguu wa kushoto sasa unagoma mpaka mchana. Hawakunipiga sana. Komanda bado yuko, ananisalimu kwa kugusa kofia, nami namjibu. Salomon walimngoja pwani wakamnyang'anya moteri ya mtumbwi, amerudi kupiga kasia kama kijana. Hajalalamika, nami nalalamika kwa niaba yake.

Adolphine nilimwambia kabla sijamaliza kusoma. Alikaa chini pale pale kwenye mchanga. Jioni alileta ugali, akaingia nao ndani, akala nami.

Kuku wako nilimkabidhi Jumapili baada ya misa. Watu walikuwa wengi. Niliketi, nikafungua kaye mpya, nikasoma kosa lako kama ulivyoliandika. Salomon alimtazama yule kuku muda mrefu. Nikamwambia, ni haki yako, mchinje, ule. Akapiga magoti, akaanza kufungua fundo. Ulifunga vibaya, Nicolas, kama mtu wa mjini. Alimenyeka nalo mpaka mke wake akataka kuleta kisu. Akakataa kisu. Alilifungua kwa vidole, la kwanza, la pili, akamwacha atembee.

Yuko uwanjani kwake. Ameanza kutaga. Salomon anasema Gaspard akitoka mwezi wa tisa, uje naye, kuna viti viwili.

Nimeandika chini ya jina lako: hakuna kosa tena. Mahakama ya kuku imefunga kesi.

Papa yako,
Casimir